Anime zinazochanganya historia ya Japani na mapambano dhidi ya mazimwi: zipi zinaipa historia kazi ya kufanya?

Mpenda_Zama (mleta mada)

Salaam, wanajukwaa.

Nimeitazama upya Kimetsu no Yaiba tangu sehemu ya kwanza, na kuna tukio dogo la mwanzoni ambalo limenisukuma kuandika. Kijana Tanjiro yuko mlimani kwenye mtihani wa mwisho wa kuwa mwinda-mazimwi, anakutana na zimwi lenye mikono mingi lililofungiwa humo kwa muda mrefu, na kabla halijamshambulia linamuuliza sasa ni mwaka wa ngapi wa Meiji. Tanjiro anajibu kwamba hii ni Taisho. Zimwi linapandwa na hasira kwa sababu enzi imebadilika tena bila lenyewe kujua. Lilikamatwa siku za Keio, mwishoni kabisa mwa utawala wa mashogun, yaani watawala wa kijeshi, miaka 47 nyuma. Nilipopiga hesabu nikaona inakaa sawasawa, maana Keio ilikuwa kati ya 1865 na 1868, na Taisho ilianza 1912. Katika kisa cha mazimwi yanayokula watu, mtunzi hakuwa na lazima ya kuhesabu kwa uangalifu wa namna hiyo, lakini alihesabu.

Naomba mapendekezo ya anime nyingine za aina hii, yaani zile ambazo mizimu, mazimwi au uchawi vimewekwa ndani ya kipindi halisi cha historia ya Japani, na kipindi chenyewe kina kazi katika kisa. Sitafuti zile ambazo mavazi ni ya kale ilhali mambo mengine yote yangeweza kutokea popote. Ningependa pia zisiwe ndefu kupita kiasi. InuYasha naijua na ninaiheshimu, lakini sehemu 167 za mfululizo wa kwanza, ukiacha zile 26 za kumalizia, ni mzigo ambao sitaubeba tena.

Nina swali la ziada. Je, inafaa mtu asome historia kwanza ndipo azifaidi kazi hizi, au zinajitosheleza zenyewe? Nauliza kwa sababu majina ya koo na vyeo hunichanganya haraka, na sipendi kusimamisha picha kila baada ya dakika tano kutafuta nani ni nani.

Kalamu_ya_Usiku

Ndugu Mpenda_Zama, tukio hilo la zimwi la mikono lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa hiyo nitaanzia hapo kabla ya kupendekeza chochote.

Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na wakubwa waliovaa rasmi kwa ajili ya sherehe. Kufikia Taisho, iliyodumu kuanzia 1912 hadi 1926, amri hiyo ilikuwa imekwisha kuzoeleka, na kijana aliyetembea na upanga kiunoni alikuwa mvunja sheria tu, hata kama nia yake ilikuwa kuokoa watu. Ndiyo maana Tanjiro na wenzake wanakimbizwa na polisi pale stesheni kabla ya kupanda treni ya Mugen, na mwenzake Zenitsu analazimika kueleza kwamba jeshi lao halitambuliwi na serikali. Wengi huliona tukio hilo kuwa kichekesho cha kupumzishia akili. Kwa maoni yangu, ndilo linaloeleza kwa nini mtunzi, Gotouge Koyoharu, aliichagua Taisho na kuiacha Sengoku, zama za vita vya mabwana wa majimbo, ambayo wengine huikimbilia. Wawinda-mazimwi ni mabaki ya dunia iliyokwisha kufutwa kwa sheria, wakati adui yao mkuu, Muzan, aliyezaliwa zama za Heian takriban miaka elfu moja kabla, anatembea Asakusa, mtaa wa Tokyo, usiku chini ya taa za umeme akiwa amevaa suti na kofia ya Kizungu, pembeni ana mke, mikononi amebeba mtoto, na hakuna anayemshuku. Zimwi limekwenda na wakati. Wanaolipiga vita ndio wanaojificha.

Asakusa nayo haikuchaguliwa ovyo. Mnara wa Ryounkaku, wenye ghorofa 12 na lifti ya umeme, ulisimama hapo tangu 1890 hadi ulipovunjwa na tetemeko kubwa la Kanto la Septemba 1923. Anayeijua tarehe hiyo huzitazama taa zile kwa macho mengine, kwa kuwa mji ambao vijana hawa wanaulinda umebakiwa na miaka michache tu kabla ya kuteketea. Vivyo hivyo Yoshiwara, ambako msimu mmoja mzima unafanyika, lilikuwa eneo halisi la madanguro yenye leseni. Gyutaro na Daki, ndugu wawili wanaotawala huko usiku, walizaliwa binadamu katika ukingo maskini kuliko yote wa eneo hilo, na kisa hakifichi kwamba ufukara na ukatili wa wenye vyeo uliwamaliza kabla damu ya kizimwi haijawafikia.

Sasa nije kwenye ombi lako. Pendekezo langu la juu kabisa ni Dororo ya mwaka 2019, yenye sehemu 24, iliyotengenezwa na MAPPA pamoja na Tezuka Productions kutokana na manga, yaani hadithi ya kuchorwa kitabuni, ya Tezuka Osamu ya miaka ya 1960. Imewekwa katika zama za vita vya mabwana wa majimbo, zile zilizofunguliwa na vita vya Onin vya 1467 hadi 1477 vilivyouacha mji wa Kyoto majivu. Bwana mmoja, Daigo Kagemitsu, anaona watu wake wakifa kwa ukame, njaa na maradhi, anaingia hekaluni na kuyaahidi mapepo 12 chochote yanachokitaka ili ardhi yake ipone. Mapepo yanachukua viungo vya mtoto wake anayezaliwa: macho, masikio, sauti, mikono, miguu, hata ngozi. Mtoto huyo, Hyakkimaru, anatupwa mtoni, anaokolewa na kulelewa, na akiwa kijana anaanza kuyasaka mapepo hayo moja baada ya jingine, kila analoliua likimrudishia alichonyang'anywa.

Mpaka hapo ni hadithi ya kisasi cha kawaida, nayo manga iliishia karibu na hapo. Toleo la 2019 liliweka mzigo kwenye upande wa pili wa mizani: mkataba ule ulifanya kazi. Jimbo la Daigo linapata mvua na mavuno wakati majirani wanateketea, na kila kiungo kinachomrudia Hyakkimaru kinapunguza amani hiyo kwa wakulima ambao hawakuulizwa lolote. Ukiondoa mapepo, hiyo ndiyo iliyokuwa siasa ya kila siku ya zama zile. Watawala walitoa watoto wao mateka kwa majirani wenye nguvu ili wapate kupumua. Tokugawa Ieyasu mwenyewe, ambaye baadaye aliishika nchi nzima, aliishi utotoni kama mateka wa ukoo wa Imagawa. Kwa hiyo Daigo si mzazi wa ajabu. Amefanya walichokuwa wakifanya wenzake, ila yeye alilipa kwa nyama. Utakapofika kwenye sehemu zinazomhusu Mio, binti anayelisha yatima kwa kuuza mwili wake kwa askari wa kambi mbili, angalia ni nani hasa anayemuua. Sitasema zaidi.

Mononoke-hime ya Studio Ghibli, ya mwaka 1997, bila shaka umekwisha kuiona, lakini irudie ukiwa na jicho hilohilo. Kisa kiko zama za Muromachi, na laana inayomla Ashitaka mkononi ilianzia kwenye kipande cha chuma kilichofyatuliwa na bunduki ndani ya mwili wa mungu-nguruwe. Msitu unakatwa kwa ajili ya tanuri la kuyeyushia mchanga wa chuma, na tanuri hilo linaendeshwa na wanawake waliokombolewa madanguroni huku bunduki zikiundwa na wagonjwa wa ukoma ambao hakuna mwingine aliyewakubali. Huwezi kumlaani mwenye tanuri bila kuwalaani na hao.

Upanga_Butu

Naunga mkono Dororo bila masharti. Nami ninaongeza mbili zinazojibu lile swali lako la ziada, kwa sababu kuna anime ambazo ukiijua historia zinabadilika kabisa mbele ya macho yako.

Ya kwanza ni Basilisk, iliyotolewa na studio ya Gonzo mwaka 2005, sehemu 24. Chanzo chake ni riwaya ya Yamada Futaro ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo Segawa Masaki aliichorea manga. Mwaka ni 1614. Ieyasu amezeeka, na hajaamua ni yupi kati ya wajukuu zake wawili, Takechiyo na Kunichiyo, atakayekuwa shogun wa tatu. Akiogopa kwamba wafuasi wa ndugu hao wataivunja nchi aliyoiunganisha kwa taabu, anavunja mapatano yaliyozizuia koo mbili za ninja, Iga na Koga, zisimalizane, kisha anaamuru kila ukoo utoe wapiganaji kumi. Upande utakaosalia ndio utakaoamua mrithi. Vijana wawili waliotarajiwa kuoana na kuupatanisha uhasama wa karne nyingi, Gennosuke wa Koga na Oboro wa Iga, wanajikuta majina yao yameandikwa kwenye orodha mbili zinazopingana. Uwezo wa wapiganaji hawa ni wa kutisha na wakati mwingine unachefua: macho ya Gennosuke humgeuzia mshambuliaji nia yake ya kuua, na macho ya Oboro huzima mbinu yoyote inayotazamwa nayo.

Sasa angalia ujanja wa mtunzi. Katika historia, Takechiyo ndiye aliyekuwa shogun Iemitsu mwaka 1623, na mdogo wake, aliyeitwa Tadanaga alipokua, aliishia kulazimishwa kujiua. Mjapani aliyepita shule anayajua haya kabla sehemu ya kwanza haijaanza, kwa hiyo swali la nani atarithi halimsumbui hata kidogo. Kinachomkalisha ni kuona watu ishirini wenye vipaji visivyo na mfano wakitumika kuamua jambo ambalo kwenye vitabu linakaa mstari mmoja, na majina yao hayamo. Mtazamaji asiyejua historia ataona mashindano mazuri ya kuuana. Anayejua ataona upotevu. Nikutahadharishe tu kwamba ina ukatili mwingi na matukio ya udhalilishaji wa wanawake ambayo hayakuhitajika, kwa hiyo usiitazame mbele ya watoto.

Ya pili ni Hakuoki ya mwaka 2010, kutoka Studio Deen, kuhusu Shinsengumi, kundi halisi la wapiganaji lililoundwa mwaka 1863 na kulinda maslahi ya shogun mjini Kyoto. Humu kuna dawa inayompa mtu nguvu za kizimwi, ikageuza nywele zake kuwa nyeupe na kumtia kiu ya damu, lakini nguvu hizo hazitoki popote pengine ila kwenye maisha aliyobakiza. Wazo hilo linakaa vizuri mno juu ya watu hawa. Okita Soji alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1868, na Hijikata Toshizo alipigwa risasi Hakodate mwaka 1869 akiwa upande uliokwisha kushindwa. Wote walikuwa wakitumia siku ambazo hawakuwa nazo, na dawa inaeleza kwa picha yale ambayo kumbukumbu zinaeleza kwa tarehe. Udhaifu wake ni kwamba imetokana na mchezo wa kompyuta wa mapenzi, hivyo kuna msichana katikati ya wanaume warembo ambaye kwa sehemu kubwa hana kazi ila kulindwa. Ukivumilia hilo, nusu ya pili itakulipa.

Kwa ufupi, soma kurasa mbili kuhusu Bakumatsu, yaani miaka ya mwisho ya utawala wa mashogun, kabla ya Hakuoki. Kwa nyingine zote zilizotajwa hapa, tazama kwanza na usome baadaye.

Bibi_Sinema

Wenzangu mmejibu kwa kina, ila kuna dhana inayopita chini kwa chini katika uzi huu ambayo siikubali: kwamba anime ikiwa sahihi kwa tarehe ni bora, na ikiichezea historia imeikosea adabu.

Wasimulizi wa Japani wameichezea historia yao kwa karne nyingi, na mara nyingi walikuwa na sababu. Chini ya utawala wa Tokugawa haikuruhusiwa kuonyesha jukwaani matukio ya karibuni yaliyowahusu samurai. Kisa cha wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao kilitokea kati ya 1701 na 1703, lakini tamthilia ya vikaragosi iliyokifanya kiwe maarufu kuliko vyote, Kanadehon Chushingura ya mwaka 1748, ilikihamishia karne ya 14 na kubadilisha majina. Watazamaji wote walijua wanaangalia nini, na bila shaka wakubwa pia walijua. Tazama na tamthilia za no, ambazo ni za kale zaidi. Katika Atsumori ya Zeami, kijana wa ukoo wa Taira aliyeuawa katika mapigano ya Ichi-no-Tani mwaka 1184 anarudi akiwa mzuka, anamtokea yuleyule aliyemkata kichwa, ambaye sasa amekuwa mtawa, na kumsimulia siku ile ilivyokuwa. Mzuka ndiye shahidi. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mizimu imeongezwa juu ya historia, mimi huuliza ni historia ipi ya Japani iliyowahi kusimuliwa kwa umma bila mizimu ndani yake.

Kwa msingi huo sioni aibu kumpendekezea mleta mada Sengoku Basara ya mwaka 2009, kutoka Production I.G, ambamo Date Masamune anapigana na panga sita kwa wakati mmoja na kupanda farasi aliyefungwa usukani wa pikipiki. Masamune wa kweli alipoteza jicho la kulia utotoni kwa ndui na akawa mtawala mwenye akili na majivuno mengi. Yule wa Basara ni majivuno hayo yaliyopewa umeme. Hakuna anayedanganyika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Chumvi iliyokolezwa waziwazi ina uaminifu wake.

Lakini kama mleta mada anataka kitu kizito, aifuate mizimu ya Taira. Kuna Heike Monogatari ya Science SARU, iliyoongozwa na Yamada Naoko, sehemu 11 tu, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021. Imefuata utenzi wa zamani unaohusu kuanguka kwa ukoo wa Taira katika vita vya Genpei, 1180 hadi 1185, ila imeongezewa mhusika wa kubuni, Biwa, msichana ambaye jicho lake moja linaona yatakayokuja. Anaishi nyumbani kwa Shigemori, ambaye naye huona wafu. Biwa anaujua mwisho na hana uwezo wa kuugeuza, sawasawa na mtazamaji wa Kijapani anayeujua mwisho tangu utotoni. Mapigano ni machache, jambo ambalo linaweza kumvunja moyo aliyetoka kwenye Kimetsu no Yaiba, lakini siku ya mapigano ya mwisho, Dan-no-ura, mfalme mtoto Antoku anapozama baharini mikononi mwa bibi yake, sidhani kuna anayekumbuka kudai panga.

Ya pili ni filamu ya Inu-Oh, kutoka studio hiyohiyo, ya mwongozaji Yuasa Masaaki. Inu-Oh alikuwa msanii halisi wa jukwaani wa karne ya 14, ambaye hakuna mchezo wake hata mmoja uliosalia. Filamu inamfanya mtoto aliyezaliwa na mwili uliolaaniwa, anayesikia mizimu ya Taira ikimwomba isimuliwe. Kila kisa anachokiimba kinamrudishia sehemu ya mwili wa kibinadamu. Ndiyo, ni jamaa ya Dororo kabisa. Tofauti ni kwamba hapa adui mkubwa ni Shogun Ashikaga Yoshimitsu, ambaye anataka simulizi za Heike, yaani hao Taira, ziwe za namna moja tu, ile aliyoiidhinisha yeye.

Kalamu_ya_Usiku

Dada Bibi_Sinema, hoja yako ya jukwaa la kale naipokea yote. Pale tunapotofautiana ni hapa: waliokihamisha kisa cha wale 47 walikificha ili waweze kukisema. Kuna kazi zinazofunika historia halafu hazisemi chochote badala yake, na mfano ninaoutoa kwa masikitiko ni Yasuke ya mwaka 2021, sehemu sita, iliyotengenezwa na MAPPA kwa ajili ya Netflix.

Hebu fikirini malighafi waliyokuwa nayo. Mwafrika, Yasuke mwenyewe, anafika Japani mwaka 1579 akiwa na mmisionari Mjesuiti Alessandro Valignano. Mwaka 1581 anapelekwa mbele ya Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, ambaye haamini kwamba rangi ya ngozi yake ni ya kuzaliwa. Nobunaga anamchukua katika utumishi wake, na shajara ya samurai mmoja wa wakati huo, Matsudaira Ietada, inataja hata urefu wake, zaidi ya sentimita 180. Juni 1582 Akechi Mitsuhide anamsaliti bwana wake na kulizingira hekalu la Honno-ji. Nobunaga anakufa, Yasuke anakwenda kupigana upande wa mrithi wake, anasalimu amri, na Akechi anaagiza arudishwe kwa Wajesuiti. Baada ya hapo kumbukumbu zinanyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichokuwa uwanja wa mizimu. Mtunzi angeweza kuiacha ile miaka inayojulikana kama ilivyo, kisa chenyewe kikiwa tayari kimepita mipaka ya kawaida, kisha akamwingiza Yasuke katika ulimwengu wa wachawi baada ya mlango wa kanisa kufungwa. Badala yake roboti wakubwa na wachawi wamo vitani tangu picha za mwanzo, Nobunaga akiwa hai, kiasi kwamba Mwafrika katika majeshi ya Japani ya karne ya 16 anaonekana kuwa jambo la kawaida kuliko yote kwenye skrini. Wachoraji walifanya kazi nzuri, muziki wa Flying Lotus ni mzuri, na bado nilimaliza nikiwa najua machache kuhusu mtu huyu kuliko aya moja ya historia ingenieleza. Basara haina kosa hilo, nakubali, kwa sababu kila mtu anamjua Masamune wa kweli. Yasuke wengi wetu tulikuwa bado hatujamjua.

Bibi_Sinema

Hapo kwa Yasuke sina ubishi, ingawa ningemtetea Nobunaga wa roboti kama sehemu zingekuwa 12. Sita hazitoshi kubeba chochote.

Mpenda_Zama (mleta mada)

Nawashukuru nyote, sikutarajia majibu ya uzito huu. Nimeamua kuanza na Dororo, halafu nitakwenda kwa Taira. Naomba mnieleze nitangulize ipi kati ya Heike Monogatari na Inu-Oh, kwa kuwa moja ni mfululizo na nyingine ni filamu, na filamu ni rahisi kuipatia muda. Vilevile nimegundua kwamba karibu kila mlichokitaja kiko Sengoku, Bakumatsu au Taisho, ukiacha hao Taira. Edo, enzi ya utawala wa Tokugawa, ilidumu zaidi ya miaka 250. Mbona iko pembeni namna hii?

Upanga_Butu

Edo ilikuwa na amani, na amani ni kikwazo kwa anime za mapigano. Baada ya uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638 nchi haikuona vita kubwa hadi karibu na mwisho wa utawala ule. Basilisk yenyewe imewekwa 1614, siku ambazo amani ilikuwa haijakauka vizuri. Waandishi wanaoitaka Edo ya katikati huwa wanamchukua mtu mmoja badala ya majeshi, kama Mugen no Junin, ambamo Manji, mpiganaji asiyeweza kufa kwa sababu ya minyoo inayoshona majeraha yake, anamsindikiza binti anayemtafuta muuaji wa wazazi wake. Ipo ya 2008 na ipo ya 2019. Chukua ya 2019, kwa kuwa ndiyo iliyofuata manga hadi mwisho.

Ila zimwi la Edo hasa halikai uwanjani. Linakaa ndani ya nyumba. Itafute Mononoke ya Toei ya mwaka 2007, sehemu 12, ambayo haina uhusiano wowote na filamu ya Ghibli licha ya majina kufanana. Muuza dawa asiye na jina anasafiri na upanga ambao hautoki alani mpaka ajue umbo la mzuka, kilichotokea na kwa nini kilitokea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mapambano ni mahojiano: bwana wa nyumba, wake, watumishi, kila mmoja anasema uongo wake, na mzuka unangoja ukweli usemwe. Wanawake waliouzwa, watoto ambao hawakuruhusiwa kuzaliwa, bibi harusi aliyefungiwa ndani: hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya amani ile ya miaka 250. Rangi zake zinaumiza macho dakika kumi za kwanza, kisha zinazoeleka.

Bibi_Sinema

Anza na Heike Monogatari, hata kama filamu ni fupi. Inu-Oh inafunguka kwa upanga mtakatifu uliozama Dan-no-ura pamoja na mfalme mtoto, na haisimami kukueleza ni upanga gani wala alikuwa mtoto gani. Baba wa mmoja wa wahusika wakuu anakufa kwa kuupandisha kutoka baharini, na mwanawe anapofuka hapohapo. Ukitoka kwenye zile sehemu 11 utakuwa unamjua kila mzuka unaoomba kusimuliwa. Kuhusu majina ya koo yanayokuchanganya, kwa Heike Monogatari shika manne tu: Kiyomori ni babu, Shigemori ni mwanawe mwenye busara, Tokuko ni binti aliyeolewa na mfalme, na Antoku ni mtoto wa Tokuko. Wengine wakikupita usirudishe picha nyuma.